Vigae vya Ukutani Nilivyoviweka Chini Jikoni kwa Mama

Admin, nifichie jina, maana kwetu Kinondo tunajuana hadi kwa mwendo. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na minane, nimeachika, nafanya usafi katika hoteli moja Diani. Tangu Ijumaa sina raha.

Mwaka huu mdogo wangu aliposwa, nikaona aibu wakwe waje wakute jiko la mama lina sakafu ya udongo. Mama alisema yeye saruji inamtosha, tena isilainishwe sana, kwa kuwa hupika ameketi chini, hukuna nazi kwenye mbuzi, na tui haliachi kumwagika. Mimi na ushamba wangu wa kuona vya hotelini nikamwambia saruji ni mambo ya zamani. Nikanunua vigae vyeupe, vinang'aa hata unajiona uso.

Fundi alikuwa Bakari, mtoto wa mjomba wangu. Alipofungua boksi la kwanza alivigeuza geuza, kisha akasema, "Dada, hivi ni vya ukutani. Vikipata maji na mafuta vitateleza. Tuvirudishe, tutafute vya chini, vile vyenye kukwaruza."

Nilimjibu vibaya. Nilimwambia kazi yake ni kuweka, si kunichagulia, na kama hawezi nitakwenda Ukunda nikalete fundi wa bara. Akaweka, kwa heshima tu.

Arusi ilipita, jiko likasifiwa, nikavimba kichwa. Wiki tatu baadaye mama aliinuka kwenye mbuzi na bakuli la tui mkononi, mguu ukateleza. Nyonga ikavunjika. Mamangu, asiyejua kukaa bure, sasa ni wa kugeuzwa kitandani na kubadilishwa nguo kama mtoto. Naumia jamani, siwezi kueleza.

Kakangu mkubwa alipouliza nani aliweka vigae hivi, nilisema ni Bakari. Nikaishia hapo, sikusema kwamba alinionya nami nikakataa. Najua mnaelewa nilichofanya. Kaka akamchafulia jina kila baraza, na sasa hakuna anayempa kazi hapa kijijini, naye ana mke na watoto.

Ijumaa baada ya sala Bakari alikuja kumtazama mama. Mimi nilikuwa nimeshika kikombe cha uji, namlisha. Alimwamkia shikamoo, akapiga magoti kando ya kitanda.

"Shangazi, nisamehe," akasema. "Mimi ndiye fundi. Kazi ile nilipaswa kuikataa."

Mama aligeuza uso ukutani. "Kwangu usirudi tena," akamwambia. "Na siku nikifa, usiwe miongoni mwa watakaoniteremsha kaburini."

Bakari alinitazama mara moja tu, akainamisha kichwa, akaondoka. Hakunitaja. Nami nikaendelea kukoroga uji.

Mama siku hizi hali ila kwa mkono wangu. Kila nikimaliza kumlisha hunishika kidole, akasema, "Nimempa radhi zangu zote mwanangu huyu," na mimi naitikia amina. Nikimwambia ukweli, naogopa atakufa ana uchungu nami. Nikinyamaza, Bakari atasimama mbali siku ya maziko ya shangazi yake kwa kosa langu.

Nishaurini ndugu zangu, hata kwa maneno makali. Nitaanzaje kumwambia mama, naye bado ana pumzi ya kunijibu?