Harufu Nisizoweza Kumsimulia Baba

Baba alikuwa na duka la manukato karibu na soko la Muthurwa, chumba chembamba kilichobanwa kati ya muuza ndoo na fundi wa viatu. Aliuza udi, ubani, miski, mafuta ya asumini na ya waridi. Nikitoka shule nilikaa kwenye kigoda nyuma ya kaunta. Alinifunga macho kwa mtandio wangu mwenyewe, kisha akanipitishia kizibo cha chupa chini ya pua.

"Usinambie jina," alisema. "Jina hata kasuku hulijua. Nambie imekupeleka wapi."

Nilimwambia: jikoni kwa Bibi, tui likichemka. Au harusini. Au kwenye kabati la Mama, asubuhi ya Idd. Alicheka, akanipa nyingine. Baba hakuwa mtu wa kuniuliza masomo yanaendaje wala nani amenikosea. Sisi tulizungumza kwa harufu, na nilidhani kila mtoto huzungumza hivyo na babake.

Nilipomaliza chuo niliajiriwa kuhudumu mezani katika hoteli moja upande wa pili wa jiji. Siku moja aliletwa mwalimu wa mvinyo, mwanamke mrefu asiyecheka ovyo, kuwachagua watakaofunzwa kazi ya somelia: yule anayetunza mvinyo wa hoteli, anayeujua kwa pua na ulimi, na kumshauri mgeni upi utaendana na chakula chake. Alimpa kila mmoja wetu glasi na kutuambia tunuse tu, tusinywe. Wenzangu walisema ni tamu, ni kali, ni zabibu. Mimi nilisema imenipeleka kwa fundi wa viatu, kwenye ngozi mpya, na kwamba pembeni mtu ameacha mapera yaliyoanza kulainika.

"Nani alikufundisha?" mwalimu akauliza.

"Babangu."

Nilijibu hivyo nikijua kwamba itanibidi nimwambie Baba.

Nilimwambia jioni hiyo hiyo. Alikuwa akifuta chupa kwa kitambaa, moja baada ya nyingine.

"Utakunywa?"

"Nitaonja na kutema, Baba."

"Hilo halibadilishi kitu, nawe wajua."

"Najua."

Aliendelea kufuta. Hakupaza sauti, afadhali angepaza. "Wewe ni mtu mzima," alisema mwishowe. "Mlango wangu sikufungii. Lakini kazi hiyo usinisimulie. Hata kidogo."

Watu huniuliza kwa nini niliichukua. Sina jibu la kupendeza. Mbali na Baba, hakuna mtu aliyewahi kuiuliza pua yangu chochote, na nilipoulizwa, niliona kama mtu ameniita kwa jina langu.

Nikahamia mtaa wa Umoja, kwenye chumba cha kupanga juu ya duka la vipuri. Jirani yangu, mama mmoja aliyefanya kazi kiwandani, alipojua ninasomea nini alishika kiuno. "Yaani we unalipwa kuonja waini? Nitafutie na mimi."

Lakini kuonja kulikuwa sehemu ndogo. Nilijifunza kushika glasi mguuni, mkono usiupashe mvinyo joto. Kuiinamisha juu ya kitambaa cheupe nisome rangi. Kutema bila kuchuruzika kidevuni. Nilijifunza kuvuta kizibo pasipo mlio, na kuitambua chupa iliyoharibika, ile inayonuka kama boksi lililonyeshewa. Nilikariri mito na vilima vya nchi nisizowahi kukanyaga. Vitabu vilitaja matunda ambayo sokoni kwetu hayapo, kwa hiyo mwalimu alituletea jemu zake. Nilianguka mtihani wa kwanza. Wa pili nikapita, na hoteli ikanipa beji ndogo ya kushona kwenye koti.

Kila Jumapili nilikwenda kwa wazazi. Nilioga kwanza, nikavaa nguo ambazo hazijawahi kufika kazini. Baba aliitikia shikamoo yangu, akauliza kuhusu mvua na afya, na baada ya hapo tulikaa tukimsikiliza Mama.

Mchana mmoja, mgeni aliagiza mvinyo mweupe ambao sikuwahi kuufungua. Nilinusa. Waridi, tangawizi, mbao za rafu kuukuu. Mgeni aliniuliza unafananaje. Nilisema, "Kama duka la babangu," nikaishusha chupa mezani. Alikuwa mtu muungwana. Alisubiri hadi nilipoweza kumimina.

Jumapili iliyofuata sikujizuia. "Baba, wiki hii nilinusa waridi, lile lako la kwenye chupa ya bluu..."

Aliniangalia, na kwa kitambo nikaona uso wa zamani ukifunguka. Halafu akauliza polepole, "Ndani ya nini?"

Nikakusanya vikombe vitupu.

"Basi," alisema. Alisema kwa upole, na ndiyo maana iliniuma. Nilikwenda jikoni kumsaidia Mama kukuna nazi iliyokuwa imekwisha kukunwa.

Miaka ikaenda. Macho ya Baba yakadhoofika, akauza duka, na wazazi wakarudi pwani kwa ndugu zao. Siku za kufunga duka nilikwenda kumsaidia kupakia. Alikuwa amekaa, mimi nikifunga sanduku kwa kamba, aliponiuliza bila kugeuka, "Huko, wanakusikiliza ukisema?"

"Wananisikiliza, Baba."

Akaitikia kwa kichwa. Nikakaza fundo la kamba.

Sasa mimi ndiye ninayewafunza wahudumu wapya, na huwatazama wakitafuta maneno huku nikitamani mzee mmoja awe amekaa nyuma ya chumba, akisikia. Hawezi kuwapo. Sijawahi kutaka aache anachokiamini ili anifurahishe, na yeye hakuwahi kuniomba niache kazi. Lakini hamu haijali nani ana haki.

Baba hunipigia simu Ijumaa, baada ya swala. Juzi alinieleza mlangilangi uliochanua ukutani kwa jirani: jinsi harufu yake inavyokuwa nzito wakati wa magharibi, jinsi upepo ukigeuka inaingia hadi kwenye chandarua. Alizungumza muda mrefu.

"Na huko kwenu?" akauliza.

Nilitoka kibarazani. Mvua ilikuwa imeanza kudondoka juu ya vumbi la Umoja, mtu anachoma mahindi chini, mabati yanapoa. Nikanusa, nikaanza kumweleza.