Vali Isiyovuja

Harufu ya mpira uliolowa ikichanganyika na sabuni ya unga hunisimamisha njiani hata leo, mtu mzima mimi. Wenzangu wakiisikia wanafikiria dobi. Mimi namfikiria mama yangu kitandani. Nisameheni kwa kuanza kavukavu hivi, ila nikijizungusha nitaishia kuwasimulia ukungu wa Lushoto na maua yake, na hayo mmeshayasikia kwa wengine.

Nilikuwa darasa la tatu. Nyumba yetu ilikuwa mlimani juu ya Gare, na ndani yake tulikuwa watatu tu: baba, mama na mimi, Rukia, mtoto wao wa pekee. Mama aliumwa kizazi. Watu wazima walisema "tumbo la mama Rukia", nami nikadhani ni tumbo kama lile la kula matunda mabichi, la kuisha kesho yake. Hospitali walikuwa wameshamrudisha nyumbani. Alitokwa na damu mno, kwa hiyo mashuka yake yalibadilishwa mara kwa mara, na mwanzoni majirani walikuja kuyachukua wakayafue mtoni. Waliyarudisha yamekunjwa vizuri, wakaketi naye, wakamchekesha. Lakini ugonjwa mrefu unachosha hata watu wema. Ilipoingia masika kila mtu akashika jembe lake, na miguu mlangoni kwetu ikapungua.

Baba alikuwa mtunza bustani wa bibi mmoja wa Kizungu aliyezeekea Lushoto mjini. Bibi yule aliporudi kwao kwa watoto wake, alimwachia baba mashine yake ya kufulia. Ilikuwa kuukuu hasa, weupe wake umegeuka rangi ya meno ya mvuta tumbaku, na mbele ilikuwa na dirisha la mviringo. Ilipandishwa kwetu nyuma ya pikapu iliyokuja kuchukua kabichi. Siku ilipowashwa, mimi na watoto wa jirani tulikaa chini mbele ya lile dirisha kama tupo kwenye video. Ilipofika kukamua ilianza kutetemeka, kisha ikatembea, ikamfuata kuku hadi mlangoni. Mama alicheka mpaka akajishika tumbo.

"Haya, umeniletea mke mwenza," alimwambia baba. "Na mbio ananishinda."

Sikuwahi kumsikia akicheka hivyo tena.

Maji yetu yalishuka kwa bomba kutoka kwenye chemchemi, na masika yale yalishuka na tope. Nyuma ya mashine, pale mpira wa maji unapoingia, kuna kidude kinachofungua na kufunga maji, mafundi wanakiita vali. Tope likakikaba. Mashine ikawa imezimwa lakini maji yanaendelea kuingia, mengine yanavuja kwenye maungio, yanatambaa sakafuni hadi chini ya mlango wa chumba cha mama. Baba akafunga bomba, akachomoa waya wa umeme, akaigeuza mashine na kuifungua mgongo. Ndani ya vali mlikuwa na kipande cha mpira cha duara chenye tundu dogo la kuingia sindano. Maji hupita katundu kale yakaukandamiza mpira kutoka juu, ndipo vali hufunga. Katundu kakiziba, haifungi. Baba alikazibua kwa sindano ya mama ya kushonea. Ukingo wa mpira nao ulikuwa umechanika, basi akakata mwingine kwenye tyubu ya baiskeli. Wa kwanza aliutoboa tundu kubwa, haukufaa. Akakata mwingine, na mwingine tena. Siku hizo mama alilalia khanga zake kuukuu, nasi tulizifua kwenye karai, maji baridi mpaka vidole vinauma.

Ni siku hizo hizo mama alipoanza kumwita baba.

"Rukia, kamwite baba yako. Mwambie nina mbuli."

Mbuli kwetu ni neno, na kwa sauti ile ya mama lilikuwa neno zito. Nilikwenda chumba cha nyuma, kwenye mashine. Baba hakuinua kichwa. Alisema anakuja, anakaza kitu kidogo. Hakuja. Jioni mama akanituma tena, asubuhi tena. Mtu mzima angeelewa mara moja. Mgonjwa wa kwetu akiona safari yake imekaribia huacha wosia, hasa wa watoto: nani awalee, wakae wapi. Anayeupokea ni mume, na mama hakutaka ndugu zake baba wausikie kabla ya baba mwenyewe.

Mimi sikuyajua hayo. Nilichoka tu kutumwa.

"Mama, niambie mimi nimfikishie."

Alinishika mkono. "Linakuhusu wewe, mwanangu, lakini mtoto habebeshwi neno kama hili."

Hatimaye vali ilifunga. Mashine ikafua mashuka yote, na kwa kuwa ukungu haukuruhusu kuanika nje, tukayatundika jikoni juu ya moto, yakatoka yananuka moshi lakini makavu. Mama alilala juu ya shuka safi, nami nikaona sasa hakuna kisingizio. Aliponituma nilikwenda mbio.

Baba alikuwa ameigeuza mashine tena. Ameshaufungua mgongo, bisibisi mkononi. Nilipapasa nyuma kwenye vali, nikapapasa mpira wa maji, nikapapasa sakafu. Kote kukavu.

"Baba, mbona haivuji?"

"Inavuja."

"Maji yako wapi?"

"Inavuja kwa ndani."

Nikasimama nikamtazama akiutoa ule mpira mzima, akiufuta kwa shati lake, akiurudisha, akikaza skrubu, kisha akizilegeza upya. Nilimchukia siku ile. Sijui neno jingine la kusema. Nilirudi kwa mama nikamweleza yote kwa hasira, kwamba kitu ni kizima na baba anakifungua makusudi, hataki tu kuja.

Mama alifumba macho. Nilidhani amesinzia.

"Mwache," alisema. "Mwache na kazi yake."

Kisha akageukia ukutani, na tangu hapo hakunituma tena.

Alikufa kesho yake mchana, nikiwa nimekaa naye peke yangu. Nilipomwita baba alikuja haraka, kipande cha mpira kikiwa kiganjani, akasimama mlangoni nacho kama mgeni asiyejua aweke wapi alichokileta.

Baada ya matanga wazee walikaa na baba, wakamwuliza marehemu aliacha wosia gani juu ya mtoto. Baba alitazama mkeka. "Hakuusia," alisema. Basi wazee wakaamua wenyewe. Mtoto wa kike hawezi kulelewa na mwanamume peke yake, akakae kwa shangazi yake Mombo. Nilishushwa mlima nikiwa na mfuko wa nguo, nikalikuta joto ambalo sijalizoea mpaka leo. Shangazi hakuwa mkatili. Alinilisha, akanisomesha, ila nilikuwa wa kupokelewa tu, na mtoto anajua. Baba alikuja sikukuu kwa sikukuu. Nilimwamkia shikamoo, nikaenda kukaa jikoni.

Ilinichukua miaka mingi, na watoto wangu mwenyewe, kupata ujasiri wa kumwuliza. Tulikuwa tunakunywa chai nyumbani kwake. Nilimwuliza kwa nini alikuwa anafungua vali isiyovuja.

Hakujifanya kusahau. "Mama yangu aliusia asubuhi, jioni tukamzika," alisema. "Kaka yangu vilevile. Wakishatua lile neno, wanaondoka. Nikasema moyoni, mama Rukia asipopata wa kumpa, atabaki."

Nililia, sikuona haya. Miaka yote ile nilidhani alimkimbia mama, kumbe ndivyo alivyokuwa akimzuia, na mama alilielewa hilo siku ile ile, akamwachia. Mimi peke yangu ndiye sikuelewa.

Nilipotulia nikamwuliza anadhani mama alitaka kumwambia nini.

Baba alikiweka kikombe chake chini.

"Nadhani alitaka nisikutoe nyumbani," alisema. "Wazee wakiuliza, niwe na jibu lake la kuwapa. Rukia akae na baba yake."

Nikamjazia chai. Nilikuwa nimeshakulia Mombo.