Tonge la Kwanza la Baba

Bukari haitafunwi. Huo ndio ustaarabu wa Lubumbashi kwa ufupi, na anayetaka urefu wake aje chuo kikuu, ambako nimefundisha fasihi kwa miaka mingi bila kumdhuru mtu. Unakata tonge, unaliviringisha kiganjani, unalibonyeza kwa dole gumba lipate shimo la kuchotea mboga, unalitia kinywani na kulimeza. Mgeni hujulikana hapo. Mtu akianza kutafuna bukari, meza nzima humkodolea macho kama wanamtazama ng'ombe, na lazima mmoja acheke. Ugali wetu huo wa mahindi, ambao wengi huuchanganya na unga wa muhogo ili ushikamane vizuri, tumeufanya kipimo cha utu. Aliyekula mkate, wali, viazi na nusu ya mbuzi, lakini bukari hakuionja, atakuambia jioni kwamba tangu asubuhi hajala.

Basi mweleze mtu wa namna hiyo kwamba baba yako hatakula tena bukari.

Baba alifanya kazi ya reli mpaka reli yenyewe ikachoka. Kiharusi kilimpiga upande wa kushoto: mkono, mguu, nusu ya uso, na kitu ambacho hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kukifikiria, yaani koo. Ulimi ulizubaa. Maji, badala ya kushuka tumboni, yalichepuka kuelekea mapafuni. Tukatumwa kwa kine, ndivyo tunavyomwita mtaalamu wa mazoezi ya viungo, katika kliniki moja ya Golf, mtaa wa majumba makubwa ambako hata wagonjwa hukohoa kwa Kifaransa.

Kine huyo alikuwa mama mkavu, asiye na tabasamu wala muda. Alinieleza mambo ambayo nilidhani ni mzaha. Kwamba kwa koo kama la baba, maji matupu ni hatari kuliko uji mzito, kwa sababu hukimbia kabla koo halijajiandaa. Kwa hiyo maji yake, na hata chai yake, tutayazidisha uzito kwa unga maalumu wa pale kliniki. Kwamba tonge la bukari ni baya zaidi ya vyote, kwa sababu hunata, na likikwama halisogei mbele wala nyuma. Akae wima. Kidevu akiinamishe kidogo. Kijiko kiwe kidogo, ameze mara mbili, asiongee na chakula kinywani, asilale mara tu baada ya kula.

"Na musikilize sauti yake," alisema. "Kama anasema na sauti iko kama na maji ndani, unasimamisha palepale. Unajua kusikiliza? Si uko profesere?"

Nilikiri kwamba sisi maprofesa hatukufundishwa hilo. Nikarudi nyumbani na mikseri mpya chini ya kwapa, nikijiona nimeshaiva.

Mlo wangu wa kwanza ulikuwa wa kidemokrasia. Wali, maharagwe, samaki na sombe, yaani majani ya muhogo yaliyotwangwa, vyote nilivitia katika mashine ile moja na kuvipa haki sawa. Vilitoka na rangi ya yale maji ya kiwandani ambayo kila mtu mjini huyaona isipokuwa wakaguzi. Nilimpelekea baba katika bakuli zuri la marehemu mama. Aliinamia bakuli. Maneno yalikuwa yakimtoka polepole, kama mabehewa ya mizigo, lakini yalifika yote.

"Hii," alisema, "nani alikwisha kuikula kabla yangu?"

Mke wangu alikimbilia uani kwenda kucheka. Baba hakula siku ile.

Wala sitaki mtu adhani kwamba adui alikuwa mimi peke yangu. Walikuwapo wageni. Mji huu una watu wengi wasio na daktari, lakini hauna hata mmoja asiye daktari. Akina mama wa jumuiya ya parokia walikuja na chupa za sukre, vile vinywaji vitamu vyenye gesi, na biskuti ngumu za kuvunja meno ya mtu mzima, sembuse ya mzee. Wakaimba, wakaomba, na kabla ya amina mmoja wao alikuwa tayari amemwinulia baba glasi mdomoni, huku kichwa cha mzee amekilaza nyuma kama mtu anayemnywesha ndama dawa. Nilipomzuia alinitazama kwa huruma ya kweli.

"Papa anasikia kiu," alisema, "na weye unamukatalia maji? Hata muntu wa gereza banamupatia maji."

Lakini hao walikuwa wapita njia. Tishio halisi lilikaa Kipushi, mji wa jirani, nalo lilikuwa dada yake baba. Kwetu shangazi ni baba vilevile, ila amevaa kitenge. Alipofika mara ya kwanza mimi nilikuwa katika ukumbi wa mihadhara nikieleza tanzia ni nini. Mke wangu alikuwa shuleni kwake, akifundisha hesabu. Shangazi alikuta chungu cha boga lililopondwa, akakionja, akakisukuma kando. Akawasha mbabula, jiko letu la makaa, akasonga bukari ya nguvu na kumlisha ndugu yake matonge kwa mkono wake mwenyewe, kwa mapenzi yote aliyokuwa nayo.

Majirani ndio walionipigia simu. Baba alikuwa amegeuka rangi ya majivu. Tonge lilitoka, lakini si lote. Siku chache baadaye homa ilipanda, na hospitalini tuliambiwa chakula kimeingia mapafuni. Tulipomchukua kumrudisha nyumbani, daktari alinivuta kando na kusema bila mapambo kwamba kifua cha mzee huyu hakitastahimili mara ya pili.

Nilidhani shangazi angekuja kuomba radhi. Alikuja na nadharia.

"Koo iko sawa barabara," alisema, amesimama katikati ya sebule, mikono kiunoni. "Motokari zikikosa kupita ku barabara, majani inaota. Munamupatia bintu ya kuteleza, bintu ya mutoto, sasa koo imesahau kazi. Siku miye nilimupatia chakula ya muntu, ikashituka. Ni hiyo tu."

"Shangazi, karibu afe."

"Juu ya ile uji yenu! Jumapili ninakuja kukula hapa. Nisipomuona ndugu yangu ku meza kama mwanaume, ninamubeba Kipushi. Kule tutamulisha."

Mtu asiyetujua atauliza kwa nini sikumwambia hapana. Atuulize pia kwa nini mvua hainyeshi kutoka chini kwenda juu. Nina shahada zangu, zimetundikwa ukutani pale sebuleni, na shangazi alizipa mgongo alipokuwa akisema hayo. Ukoo ungekaa, ungemsikiliza yeye, halafu ungenipongeza mimi kwa Kifaransa changu. Na baba angekwenda Kipushi kufa kwa kulishwa vizuri.

Palikuwa pia na jambo la meza, ambalo shangazi alilijua vizuri zaidi yangu. Nyumbani kwetu bukari hukaa katikati, na hakuna anayeigusa mpaka mwenye nyumba akate tonge la kwanza. Akipenda hulila mwenyewe. Siku ya furaha humpa mtu anayemheshimu, na aliyepewa halikatai wala haongei mpaka limeshuka. Tangu augue, baba alikula chumbani, na sisi mezani tulikuwa tunaanza kama wezi, kila mmoja akijifanya hakuwa wa kwanza. Kwa hiyo "ku meza kama mwanaume" halikuwa neno la kutupa. Lilikuwa tonge la kwanza, mbele ya wote.

Wiki ile nilipika kwa hasira, na nimegundua kwamba hasira ni kiungo kizuri. Mikseri ilikuwa imenyamaza, maana umeme ulikuwa na shughuli zake kwingine, basi nilirudi kwenye kinu na kichungio. Nilichemsha maharagwe mpaka yakasalimu amri, nikayapitisha kwenye kichungio ili maganda yabaki nyuma, kwani ganda moja jembamba hushika kooni kama karatasi iliyolowa. Boga nilipika peke yake. Samaki nilimnunua makobo, yule mkubwa wa mto Luapula tunayeletewa kwa barabara ya Kasomeno akiwa bado ana sura ya kushangaa. Nilimpika na nyanya na kitunguu, nikamchambua kwa vidole mwiba baada ya mwiba, nikamponda na mchuzi wake. Kila kitu kwa rangi yake, kila kitu kwa mahali pake katika sahani. Nilipima kwa kijiko kama kine alivyonionyesha: chakula kikae bila kudondoka, na kijiko kikiinamishwa kiteleze chote bila kung'ang'ania. Mlango wa jikoni niliuacha wazi makusudi ili harufu ya kitunguu itangulie chumbani kwa baba. Mate ya mzee ni ya kuamshwa mapema.

Alianza kumaliza sahani. Alianza hata kulalamika kuhusu pilipili, na malalamiko ya baba ni dalili bora ya afya kuliko kipimo chochote.

Hapo ndipo akili zangu ziliponiletea wazo la kisomi. Nilisaga viazi vyeupe na maziwa, nikavifinyanga kilima kidogo, laini, cheupe, mfano kamili wa bukari. Jumapili angekata tonge la viazi, shangazi angeona alichotaka kuona, na sayansi ingeshinda kwa hila. Ijumaa tulifanya jaribio. Baba alikibonyeza kilima kile kwa kidole kimoja. Kidole kikazama.

"Hii bukari," alisema, "iko mugonjwa kunipita miye."

Akakataa kuigusa tena. "Unanidanganya ku meza yangu?"

Nilivila viazi hivyo mwenyewe, nimesimama jikoni.

Jumapili shangazi alifika na begi kubwa tupu la kutilia nguo za baba, na unga wake mwenyewe, kwa kuwa wetu hakuuamini. Alisonga bukari. Ilisimama mezani kando ya bakuli la sombe, inang'aa, inatoa moshi, ngumu kiasi cha kujengea ukuta. Tulimkalisha baba wima, mto nyuma ya kiuno, taulo kifuani. Mbele yake niliweka sahani yake: boga, maharagwe, samaki. Nilikuwa nimetayarisha pia hotuba, yenye sehemu tatu. Tukanawa mikono. Baba alinawa wake wa kulia kwa uangalifu, kidole kimoja kimoja.

"Muache akamate," shangazi alisema. "Hapana kumushika mukono. Muache!"

Baba akanyoosha mkono katikati ya meza na kukata tonge.

Hotuba yangu ilipotea yote, na utangulizi wake. Niliinuka, mke wangu alinikamata mkanda wa suruali na kunirudisha kitini. Baba aliviringisha tonge polepole. Mkono ule haukuwa umesahau kitu. Akalibonyeza kwa dole gumba, akachovya sombe, akaliinua karibu na uso wake, akavuta harufu yake akiwa amefumba macho. Shangazi alikuwa tayari amenigeuzia uso wa ushindi.

Kisha mkono ukaendelea kupita, ukavuka ukingo wa sahani, ukasimama mbele ya mdomo wa shangazi.

"Kamata, yaya," baba alisema, kwani ndivyo tunavyomwita ndugu mkubwa. "Weye mukubwa wangu."

Shangazi alitazama kushoto, akatazama kulia. Hakuna pa kutokea. Tonge la kwanza halikataliwi, na aliyepewa haongei. Alifungua mdomo. Lilikuwa tonge kubwa, la mtu wa reli, na la bukari yake mwenyewe, ngumu alivyoitaka.

Wakati yeye akipambana nalo, baba alichukua kijiko. Aliinamisha kidevu. Boga lilishuka, akameza tena. Samaki akashuka. Nilisikiliza kwa masikio yangu yote. Sauti ilipotoka ilikuwa kavu na safi.

"Chumvi," alisema.

Nikampa chumvi. Akala tena, akapumzika, kisha akamgeukia dada yake, ambaye bado macho yalikuwa yamemtoka.

"Kule Kipushi, nani atanitolea miiba ya samaki? Weye? Na ile macho yako?"

Tonge la shangazi lilishuka mwishowe. Alikunywa maji, akajifuta jasho, akaitazama sahani ya ndugu yake.

"Leta kidogo nisikie," alisema, akachukua kijiko chake na kuonja samaki. Hakusifu. Alichukua tena. "Pilipili haitoshi," alisema, na begi likabaki chini ya meza, tupu, mpaka jioni alipoondoka nalo amelijaza maembe yetu.

Sasa huko Kipushi anawafundisha majirani kuchuja maharagwe, na nasikia anawaambia kwamba ni yeye aliyelizoeza koo la ndugu yake lisishituke. Sikanushi. Baba yu hai, anakula mezani, na kila siku hukata tonge la kwanza kwa mkono wake, hulinusa, kisha hulielekeza kwa yeyote aliyejaribu kumshauri siku ile. Kwa kawaida ni mimi. Nimenenepa.