Kabati la Mninga la Kamati ya Kupunguza Gharama

Jumatatu, tarehe 17 Machi 1975. Manyunyu tangu alfajiri, yakakatika kama saa nne. Mchana jua la utosi, na mvuke ukipanda kutoka ardhini.

Siku hiyo, katika bwalo la chuo kimoja cha ufundi mjini Tabora, upande wa Cheyo, wanafunzi wa uhandisi wa ujenzi walitakiwa kulipigia makofi kabati. Lilikuwa kabati zuri, hilo halina ubishi. Mbao zake za mninga zilisuguliwa na kupakwa vanishi hadi mtu akajiona meno, bawaba zake zilikuwa za shaba, na mlangoni lilining'inia kufuli la ukubwa wa mkate. Ndugu Pazi, mwenyekiti wa Kamati ya Kupunguza Gharama za Masomo, alilipapasa mgongoni kama mtu anayeuza ng'ombe. Alisema kuanzia leo, mtoto wa mkulima na mtoto wa tajiri watasoma uhandisi kwa usawa. Wanafunzi wakapiga makofi. Apolinaria Kapaya hakupiga, kwa kuwa mikono yake ilikuwa na birika la chai ya kamati.

Apolinaria alikuwa mwaka wa pili, binti wa mkulima wa tumbaku wa Urambo. Tangu utoto alipenda kujua kwa nini daraja hili limesimama na lile limekwenda na maji, na swali hilo ndilo lililomfikisha chuoni. Serikali ilimpa chakula, kitanda na walimu, na hakudaiwa chochote. Lakini mhandisi hachori kwa kidole. Kila mwanafunzi alipaswa kuja na mkebe wake wa bikari, pembetatu zake na futi ya kupimia, na vitu hivyo vilipatikana dukani kwa Champaklal, ambako mkulima wa Urambo aliingia, akauliza bei, akasifu duka, akatoka.

Wanafunzi walijipangia wenyewe namna ya kuishi na shida hiyo. Mwenye mkebe alikaa na asiye nao. Apolinaria alikaa na Saleha binti Humaidi, mwanamke mwenzake pekee darasani, ambaye mjomba wake alimletea mkebe wa Kijerumani wenye bikari zinazong'aa kama vyombo vya hospitali. Mmoja alichora, mwingine akakokotoa uzito na mikazo, kisha wakabadilishana. Saleha alikuwa na mkono mzuri lakini hesabu zilimchosha. Apolinaria hesabu alizimeza kama karanga. Mpango huo haukuwa na mwenyekiti, na huenda ndiyo sababu ulikwenda vizuri.

Kamati ilipoundwa, iligundua jambo ambalo kila mtu alilijua: wapo wenye mikebe na wapo wasio nayo. Ikalipa jambo hilo jina la matabaka. Ukafanyika mchango, wazazi wakatoa, wakulima wa tumbaku wakatoa, ili inunuliwe mikebe ya wote. Hapo mjumbe mmoja akauliza mikebe hiyo itakaa wapi. Ndugu Pazi akasema mali ya umma haiwezi kukaa kwenye boksi la sabuni. Basi likaagizwa kabati. Kwa kuwa lilikuwa kabati la umma, halikuweza kuwa la mbao hafifu; na kwa kuwa lilikuwa la mninga, halikuweza kuwa na kufuli dogo. Lilipokamilika, mchango nao ulikuwa umekamilika.

Kabati tupu lingetia aibu. Ikaamuliwa wenye mikebe waitoe kwa hiari, na Ndugu Pazi mwenyewe akasimama na kikapu mlangoni mwa bweni la wanaume kuipokea hiyo hiari. Bweni la wanawake alimtuma katibu wake, Kornel. Saleha alitoa mkebe wake. Hivyo usawa ukapatikana: kwanza nusu ya darasa walikuwa na vifaa na nusu wakiazima, na sasa hakuna aliyekuwa navyo.

Kuhusu chai, kamati ilikuwa na ajenda ya pili, ya kuwashirikisha akina mama katika uhandisi. Waliwashirikisha kwa kuwaita vikaoni kumimina. Kwa njia hiyo Apolinaria alisikia mengi juu ya maendeleo yake. Alisikia kwamba mwanamke ana mikono myepesi, kwamba mtaro wa barabara una matope, na kwamba mwisho wa mwezi atakuja mtahini kutoka Dar es Salaam kuangalia michoro ya mwaka wa pili, kila mwanafunzi na kalavati, kidaraja cha kupitisha maji chini ya barabara, aliyoipima mwenyewe. Mwanaume atakayekosa mchoro atarudia mwaka. Mwanamke atakayekosa atahamishiwa darasa la kupiga chapa. Mjumbe mmoja alisema huko ni kuwapunguzia dada zetu mzigo. Wengine wakaitikia, na mwingine akaomba sukari iongezwe. Apolinaria akaongeza.

Jumanne asubuhi alimfuata Ndugu Pazi kwenye kibaraza cha ofisi.

“Shikamoo, Ndugu Mwenyekiti.”

“Marahaba, binti. Chai iko tayari?”

Akamweleza kwamba hakuja kwa ajili ya chai, amekuja kuomba mkebe na futi, kwani siku za kupima na kuchora zinakwisha. Ndugu Pazi alimsikiliza kwa upole mkubwa. Akamweleza kwamba kabati hufunguliwa na kikao, na kikao kitakaa yeye akirudi.

“Ukirudi kutoka wapi?”

“Semina. Dar es Salaam, wiki mbili. Inahusu kupunguza gharama za masomo.”

Apolinaria akauliza kama ufunguo haungeweza kubaki kwa Modest, mtunza bohari wa chuo, mzee aliyekabidhiwa majembe yote, vitanda vyote na saruji.

“Ufunguo wa umma,” akasema Ndugu Pazi, akiugusa mfukoni mwa shati lake, “hauwezi kukaa na mtu binafsi.”

Apolinaria alirudi bwenini ameuma meno. Saleha alipopata habari alisema atakwenda kulivunja kufuli kwa nyundo, mkebe ni wake. Apolinaria akamkatalia. Mtoto wa mkulima akivunja kufuli atafukuzwa. Binti wa Mwarabu mwenye duka, kama Saleha, akivunja kufuli la umma, baba yake atakuwa amekwishaitwa mhujumu kabla ya adhuhuri. Saleha akakaa kitandani. “Basi tujifunze kupiga chapa,” akasema. “Mimi nina kucha ndefu, nitafaulu.” Apolinaria hakucheka.

Alhamisi alasiri wanafunzi walipelekwa stesheni kumsindikiza mwenyekiti. Kwaya iliimba juu ya kilimo. Ndugu Pazi alisimama na wajumbe wake mbele ya behewa, miguuni pake sanduku jipya la ngozi lenye suti zake na hotuba yake. Alikuwa na furaha ya mtu anayeondoka, na furaha hiyo ndiyo iliyomponza. Alimwona Apolinaria mstari wa mbele, akakumbuka kwamba yeye ni Mzaramo wa pwani na binti huyu ni Mnyamwezi, kwa hiyo ni watani.

“Wee Mnyamwezi,” akaita kwa sauti ya kusikika, “umesimama mikono mitupu na mzigo wa bwana uko chini? Babu zako walitubebea mpaka Bagamoyo bila kusukumwa. Beba.”

Watu wakacheka, hata wajumbe. Utani huo ni wa zamani kuliko reli, tangu misafara ya wapagazi ilipokuwa ikishuka pwani, na sheria zake kila mtu stesheni pale alizijua. Aliyeanza ndiye anayepaswa kuvumilia. Kitu kilichochukuliwa na mtani hakinyang'anywi, hukombolewa. Na anayekasirika amejivua nguo mbele ya watu.

Kwa mwaka mzima na nusu Apolinaria alikuwa amemwamkia mtu huyu shikamoo, akimmiminia chai. Mlango wa utani ulikuwa haujafunguliwa kati yao, na si yeye aliyeufungua. Akavua kanga mabegani, akaikunja kata, akalitwika sanduku kichwani.

“Nimebeba, bwana,” akasema.

Kisha akatembea, si kuelekea behewani bali upande wa pili, taratibu, mwendo wa mpagazi aliyeshiba, akipita katikati ya kwaya mpaka kwenye geti la kutokea nje. Hapo akalitua sanduku, akalikalia.

“Msafara umefika nyumbani Unyanyembe,” akatangaza. “Mpagazi hajalipwa.”

Stesheni nzima ikamgeukia. Makuli walioegemea mikokoteni yao, wengi wao Wanyamwezi, wakasogea. Ndugu Pazi akaja akicheka, akatoa sarafu.

“Hiyo kamnunulie mkeo tambuu,” akasema Apolinaria. “Wazaramo mlizoea kutulipa shanga za kioo. Mimi nimesoma.”

“Unataka nini, we mpagazi?”

“Hicho kilichomo mfukoni mwa shati.”

Kicheko cha Ndugu Pazi kikabaki mdomoni, machoni kikaondoka. Akasema kwa sauti ya chini kwamba huo ni ufunguo wa umma.

“Umma si ndio sisi hapa?” akajibu, akionyesha kwaya, makuli, na mama mmoja aliyeuza mayai ya kuchemsha. “Waulize kama wanaukataa.”

Kuli mmoja mzee akadakia: “Mlipe mtani wako, bwana! Mbona pwani mna mikono mifupi?” Wengine wakapokea: mlipe, mlipe. Gari moshi likapiga honi. Ndugu Pazi alitazama sanduku, akatazama behewa, akawatazama wajumbe wake, ambao kila mmoja alikuwa ameona kitu muhimu upande wa tangi la maji. Angeweza kufoka. Angeweza kumfukuza chuo palepale. Lakini angekuwa Mzaramo wa kwanza kumkasirikia mtani wake mbele ya stesheni ya Tabora, na habari hiyo ingefika pwani kabla yake, maana na makuli wa Dar es Salaam wana masikio. Akautoa ufunguo. Aliutoa kwa vidole viwili, akitabasamu kwa meno tu.

“Asante, mtani,” akasema Apolinaria, akainuka na kulitwika tena sanduku, safari hii mpaka ndani ya behewa. “Ukifika Uzaramo wasalimie. Waambie wafiche kuku, mwenyewe umerudi.”

Jua halijazama, Modest alikuwa amesimama mbele ya kabati na ufunguo aliopewa na Apolinaria. Alisema hafungui kitu, anakagua bawaba, na ukaguzi hauwezekani mlango ukiwa umefungwa. Rafu ya chini ilikuwa na mikebe, pembetatu na futi zote. Rafu ya juu ilikuwa na vikombe vya kamati, biskuti, na sukari ya kumtosha mtu mfungo mzima, mwaka ambao mjini watu walikunywa chai chungu. Modest aliitazama rafu hiyo kwa muda mrefu. Kisha akasema bawaba za juu ni nzima, akaanza kuwaita wanafunzi wachukue mikebe, wawili wawili, kama walivyokuwa wakikaa zamani. Saleha alipopewa wa kwake aliufungua, akazihesabu bikari kwa ncha ya kidole, akaufunga.

Asubuhi iliyofuata Apolinaria na Saleha walitoka mapema na futi na ubao, wakashika barabara ya Kwihara mpaka kwenye kalavati iliyozibwa na takataka za mvua. Apolinaria alikunja gauni, akaingia kwenye matope hadi magotini, akaanza kupima upana wa mdomo wa kalavati, Saleha akiandika. Walikuwa hawajamaliza upande mmoja Kornel alipopita na baiskeli. Katibu huyo wa kamati alisimama, mguu mmoja chini, akauliza vifaa hivyo vimetolewa na kikao gani.

“Mwangaluka, Ndugu Kornel,” Apolinaria alimwamkia kwa Kinyamwezi kutoka mtaroni. Akamnyooshea ncha ya futi. “Hebu nishikie hapo kwenye ukingo. Usiilegeze.”

Kornel alitazama barabara, huku na huku. Hakuona mtu. Akailaza baiskeli kwenye nyasi, akavua viatu, akashuka, akaishika.