Mwezi wa Warusi kwenye Kibuyu cha Mama

Wote waliokuwepo wameshatangulia, nimebaki mimi na mdogo wangu, na yeye ndiye mwenye habari hii lakini hakumbuki hata chembe. Basi nasimulia mimi. Mkiona najisifu mnivumilie, tangu utoto nina mdomo.

Mwaka Warusi waliporusha angani mwezi wao, yaani setilaiti ya kwanza, nilikuwa nimemaliza darasa la nne shule ya misheni, nikarudi nyumbani kumsaidia mama. Nyumba yetu ilikuwa Kibaoni, pale Ifakara, ila msimu wa kilimo ukianza tulihamia shambani kwetu ng'ambo ya mto Kilombero, tukakaa huko na mpunga mpaka mavuno. Mama alikuwa mjamzito. Kabla ya hapo alishazaa wawili kule shambani, wote kabla ya miezi kutimia, na wote hawakumaliza siku. Baba aliwachimbia kaburi mwenyewe, pembeni ya shamba, kwa jembe lile lile la kulimia. Safari hii sista mkunga wa hospitali ya misheni alimwambia mama waziwazi: "Ukiingia mwezi wa nane, usikae ng'ambo. Njoo ukae karibu na sisi."

Mama hakujua kusoma. Hesabu yake ilikuwa kibuyu kidogo kilichoning'inia juu ya kitanda. Kila mwezi ulipoandama alitia humo punje moja ya mahindi, na ole wako ukikigusa. Asubuhi alikitikisa kidogo sikioni, halafu ndipo akawasha moto. Nilikuwa nasikia zile punje zikilia nikiwa bado mkekani, na nilimpenda mama yangu mpaka kifua kinauma. Sikumwambia. Siku zile watu hawakuwa wanaambiana mambo hayo.

Magazeti tuliyapata kwa Mhindi wa dukani, yakiwa yameshachakaa kwa kusomwa. Baba alijua kusoma, lakini alisingizia macho. Ukweli ni kwamba alipenda majirani wamsikie binti yake. Jioni moja akaja na gazeti, wakakaa barazani yeye na rafiki zake wavuvi, nikaitwa. Nikasimama wima, nikakohoa kidogo kama padri.

Gazeti liliandika kwamba mwezi mpya umerushwa. Nikasita. Umerushwa? Jiwe hurushwa, na mpira hurushwa. Mwezi nani amewahi kuurusha? Nikaona hao wapiga chapa wa Dar es Salaam wamekosea, tena kosa la aibu, na mimi msomi wa darasa la nne nikawasahihisha hapo hapo. Nikasoma kwa sauti kubwa: "Mwezi mpya umeandama!"

Mama alikuwa mlangoni akipeta mchele. Akaweka ungo chini, akaingia ndani, akatoka, akaendelea kupeta.

Nilipofika kwenye Warusi, baraza ikachafuka. Mmoja akasema ni uongo mtupu, mwingine akafanya ishara ya msalaba. Baba yeye aliniambia nisome habari ya chini yake, maana alikuwa mtu wa siasa kuliko wa nyota. Pale mkubwa mmoja wa serikali alikuwa anasema Waafrika bado hawajakomaa kujitawala, wasubiri kwanza.

"Tusubiri nini?" baba akafoka. "Wenzetu wanafika mbinguni, sisi tunaambiwa tusubiri! Tusubiri tuote mikia?"

Watu wakacheka, lakini yeye hakucheka.

Kabla hatujahamia shambani likaja gazeti jingine, kwamba Warusi wamerusha mwezi wa pili, na ndani yake mna mbwa. Safari hii nilisoma kama lilivyoandikwa. Mama alisikitika sana. "Mbwa wa watu! Na maji anapewa na nani huko?" Halafu akasema, kama anajisemea mwenyewe, "Huo wenye mbwa mimi siuhesabu." Nikacheka, nikadhani ni maneno ya wajawazito.

Tukavuka, tukalima, mvua zikashika. Ilipofika Februari, palizi ikiwa imetuelemea, mama akatangaza kwamba punje zimefika nane, avushwe.

"Nane?" baba akashangaa. "Mbona tumbo lenyewe dogo?"

"Tumbo halijui hesabu. Kibuyu ndicho kinajua."

Baba alinung'unika, lakini aliuogopa mwezi wa nane kuliko alivyoyaogopa magugu. Kesho yake asubuhi akatuvusha kwa mtumbwi, mama amekifunga kibuyu kwenye pindo la kanga. Akatufikisha nyumbani, akarudi shambani siku hiyo hiyo. Mimi nikabaki kumpikia mama na kumsindikiza kwa sista.

Siku ya sita, asubuhi, uchungu ukamshika. Tulikuwa hatua chache tu kutoka hospitali, tukafika kwa miguu. Mtoto alizaliwa kabla ya saa sita, wa kiume, mdogo hata huwezi kuamini, mwenye sauti ya kifaranga. Masista walimviringisha kwa pamba, wakampangia chupa za maji ya moto ubavuni, wakawa wanazibadilisha zikipoa. Mimi nilisimama mlangoni nikasali kila sala niliyofundishwa, nikachanganya na ya mazishi bila kujua.

Siku hiyo hiyo mto ulijaa. Ulivunja kingo, ukaingia mashambani, hakuna mtumbwi uliothubutu kuvuka.

Jioni sista akakaa kitandani kwa mama. "Huyu ni wa miezi saba. Mbona uliwahi kuja?"

"Minane," mama akasema, akamwaga punje shukani. Kweli zilikuwa nane.

Wakabishana kwa upole, sista akihesabu kwa vidole na mama kwa mahindi, mpaka mama akasema, "Kuna mmoja ulizidi. Huyu binti alisoma gazetini kwamba mwezi mpya umeandama. Mwezi ukiandama mimi natia punje. Sikuuliza ni wa nani."

Nilitamani ardhi ipasuke nizame. Nikalia, nikakiri yote: kwamba gazeti halikusema umeandama, kwamba ni mimi kwa kiburi changu nilibadili neno, kwamba nilimharibia hesabu yake.

Mama akageuka kuangalia nje. Dirishani mvua ilikuwa inamwagika, na ng'ambo kulikuwa hakupitiki.

"Ningekuwa kule sasa hivi," akasema polepole. Kisha akanishika mkono. "Ulikosea vizuri, mwanangu. Wewe soma tu."

Nikataka angalau nimtolee ile punje ya uongo. Akanizuia. "Utatoa ipi? Zote zimefanana." Akazirudisha kibuyuni zote nane.

Maji yalichukua siku tisa kupungua. Yalipoanza kushuka, mvuvi mmoja alimpigia baba kelele kwa mbali kutoka kwenye mtumbwi kwamba mkewe amejifungua, basi, zaidi ya hapo upepo ukachukua. Siku ya kumi tukamwona baba anaingia uani mwa hospitali, ana matope hadi mapajani, hajanyoa, na jembe begani. Akasimama mlangoni. Aliangalia sakafu.

"Hilo jembe la nini?" mama akamuuliza.

Mimi nikamshika baba mkono nikamvuta mpaka penye zile chupa. Mdogo wangu alikuwa macho, amekunja ngumi, anapiga miayo kama mzee wa baraza. Baba alipiga magoti, jembe likiwa bado begani. Sijawahi kuona mwanamume akilia vile, na sitaki kuona tena, na sitaki kusahau.

Alipoweza kusema alisema, "Huyu hajakomaa, sivyo?"

"Hajakomaa," sista akajibu. "Lakini ananyonya."

"Hajakomaa," baba akarudia, na sasa alikuwa anacheka huku machozi yanamtoka, "na yuko. Andikeni hiyo gazetini!"

"Punguza sauti, usimwingize mwanangu kwenye siasa," mama akamwambia. Akanyoosha mkono akaligusa lile jembe, akalisukuma taratibu mpaka likashuka begani mwa baba. "Na hili rudi nalo shambani. Mpunga unasubiri palizi."