Siku Tuliyokodi Gari Kwenda Kuuona Mji

Harufu ya petroli ilichanganyika na mafuta ya nazi yaliyokuwa kwenye nywele zetu, na mpaka leo harufu hizo zikikutana nashikwa na wasiwasi. Nilikuwa darasa la nne, Kisarawe, na mdogo wangu Zuhura alikuwa la pili. Serikali ilikuwa bado haijahamia Dodoma, kwa hiyo baba aliposema amekodi gari atutembeze makao makuu ya nchi siku nzima, alimaanisha Dar es Salaam. Zuhura alirukaruka. Mimi nilianza kupanga mambo kichwani. Nyumbani kwetu gari lilikodiwa kwa mgonjwa au kwa harusi, na hapakuwa na mgonjwa wala harusi. Mama alitusuka sote wawili usiku wa Ijumaa lakini yeye mwenyewe hakuwa anakwenda. Na kwenye buti, chini ya khanga, kulikuwa na kikapu ambacho hakuna aliyenieleza kilichomo.

Jambo moja nililijua vizuri. Shangazi yetu wa Ilala hakujaliwa mtoto, na katika ukoo wetu shangazi akiomba mtoto wa kaka yake amlee, hanyimwi. Mtoto mwenyewe haulizwi. Anapelekwa kutembea, halafu wenzake wanarudi. Tulipofika Pugu dereva, jirani yetu Rajabu, alinitazama kwenye kioo akamuuliza baba, "Ndio huyu, au yule mdogo?" Baba akakohoa, akatuonyesha reli.

Kuanzia hapo nikaapa kutoshuka. Uwanja wa ndege tulisimama nje ya uzio. Zuhura akabebwa begani aone ndege ikipaa, mimi nikabaki nimeshika kiti cha mbele kwa mikono miwili. Mnazi Mmoja sikushuka. Kivukoni baba aliinama dirishani.

"Shuka uone meli, mwanangu."

"Naiona hapa hapa, baba."

"Huyu hakukodi gari," Rajabu akasema, "amekodi kiti."

Baba hakucheka, na hilo nalo nikaliweka kwenye hesabu yangu. Ukuta wa Ikulu, maghorofa ya Posta, bustani zenye maua yaliyopangwa kwa rangi, vyote niliviona kupitia kioo chenye vumbi, nikiwa nakariri njia ya kurudi ili nikiachwa niweze kutembea kwa miguu. Alasiri gari likasimama Ilala, mbele ya nyumba yenye baraza jekundu. Zuhura aliteremka mbio, akaamkia shikamoo, na punde nikamsikia ndani akiomba kuongezewa tambi. Shangazi alikuja mpaka dirishani kwangu.

"Mbona umejifungia humo kama biskuti za dukani?"

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Hushuki?"

Nikatikisa kichwa. Alinitazama kwa muda, kisha akamgeukia baba. "Mtoto wa kuvutwa mkono simtaki, kaka. Nichukue huyu aliyeingia kwa miguu yake." Baba alifungua buti akampa kikapu. Khanga ilipoondolewa niliona magauni yangu, yote matatu, yamekunjwa vizuri. Zuhura alikuwa bado anakula tulipoondoka.

Alikaa huko hadi alipoolewa, akasoma kuliko sisi sote. Mimi niliishia darasa la saba. Mengine nimejisomea mwenyewe, kitabu kwa kitabu. Watu husema nilimpa bahati yangu. Sijui. Ninachojua ni kwamba mwaka wa kwanza alipoletwa kwa Idi hakunisemesha, na magauni yangu aliyovaa yalikuwa bado yanaburuzika chini.

Siku hizi watoto huelezwa mambo, au ndivyo tunavyosema. Ninaishi Mbwawa, Kibaha, na barabara ile ya Kisarawe tuliyoiona ndefu kama safari ya hija watu huenda na kurudi kila siku kazini. Mwezi uliopita Zuhura, ambaye hakupata mtoto, alikodi gari akaja kumchukua binti yangu wa mwisho akamtembeze mjini. Nilimuuliza Zuhura, mtoto akisikia.

"Kutembea, au kubaki?"

Alichezea funguo za gari. "Kutembea, dada. Jioni namrudisha." Kisha akaongeza taratibu, "Mimi mwenzenu hakuna aliyeniulizia."

Nilimfungulia binti yangu mlango wa nyuma, nikahakikisha amekaa, halafu nikazunguka upande wa pili nikaingia na mimi.