Kigololi cha Nadalin

Nadalin, fundi viatu wa Venisi, alikuwa mtu wa watu, ila kwa kuweka kinyongo hakuwa na mpinzani. Rafiki yake Bortolo alimtania siku moja mbele ya chama kizima cha mafundi: "Viatu vya Nadalin vinakunywa maji kuliko samaki!" Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Miaka sita baadaye, kicheko kile kilikuwa bado kinamuuma.

Kisha macho ya Bortolo yakafifia, hata tundu la sindano asilione. Akaomba chumba katika nyumba ya mafundi wazee. Chama kikaitisha kura.

Kura yao ilikuwa balota, yaani kigololi cha kitambaa. Waingereza walilipenda jina hilo wakaondoka nalo, na mpaka leo ndilo jina lao la kura ya siri. Siri yenyewe ilikuwa kwenye kitambaa: kigololi kikidondoka hakilii. Unaingiza ngumi katika sanduku lenye sehemu mbili, kulia ndiyo, kushoto hapana, na hata aliye ubavuni pako hajui. Nadalin aliingiza yake, akakikumbuka kicheko, mkono ukaenda kushoto.

Bortolo alikosa chumba kwa kura moja.

"Ni Zuane yule," alisema Bortolo. "Tuligombana Pasaka. Kumbe hajasahau, mbwa yule!"

Zuane, fundi mwenzao, maskini, ndiye aliyekuwa akimpelekea supu ya maharage kila Ijumaa. Sasa akibisha hodi hafunguliwi. Nadalin aliyaona hayo kwa macho yake, na hatia ikamwandama. Wiki ya tatu uzalendo ukamshinda.

"Bortolo, ndugu yangu, si Zuane. Ni mimi. Nilikunyima mimi."

Bortolo akaangua kicheko, akampapasa shavu.

"Wewe na huo moyo wako! Unajitwisha dhambi ya Zuane ili nipatane naye?"

"Naapa kwa Bikira Maria, ni mkono wangu huu!"

"Nyamaza!" Bortolo alimziba mdomo kwa kiganja. "Usiape uongo kwa ajili yangu, utaniingiza motoni na mimi."

Kesho yake Bortolo alikuwa anahamia bara, kwa mkwe asiyempenda. Alikataa kusindikizwa na mtu mwingine yeyote. Akaushika mkono wa Nadalin, uleule, akamwambia amvushe daraja polepole.